JE, NI DHAMBI KUTAFUTA DAWA YA UPARA?

Yapo maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti kubwa mbele ya wote, na yapo mengine ambayo huulizwa pembeni, baada ya Misa, watu wakiisha kutawanyika. Swali la nywele ni la namna hii ya pili. Kijana wa miaka 25 ataka kujua kama ile dawa ya kupaka inayotangazwa kila siku yafaa kitu. Mama aliyezoea kusuka tangu utoto ataka kujua kwa nini nywele za pembeni mwa paji la uso zimekwisha, wala hazioti tena. Mfanyakazi mwenye mshahara wa kutosha ataka kujua kama Mkristu aruhusiwa kupandikizwa nywele, au kama kufanya hivyo ni kumsahihisha Mungu aliyemwumba. Na karibu wote huanza kwa maneno yaleyale: "Padre, usinicheke."

Hatutacheka. Jambo ambalo mtu huliombea radhi kabla ya kulitaja ni jambo linalomwuma, na linalomwuma mtu halikosi kuwa kazi yetu. Tena ndani ya jambo hili dogo limo fundisho kubwa. Twataka kuonyesha leo kwamba dhambi haiko katika kutaka nywele, wala haiko katika dawa. Bali kila mara dhambi inapoingia katika jambo hili, huingia kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa uongo.

NYWELE NI JEMA DOGO, LAKINI NI JEMA

Wako Wakristu wema wajibuo upesi: "Nywele ni ubatili, mtu wa Mungu asijisumbue nazo." Jibu hilo lafanana na utakatifu, lakini silo fundisho la Kanisa. Mwili si ganda la kutupwa. Mungu aliuumba, Mwana wake aliutwaa, na siku ya mwisho utafufuka. Kwa hiyo hata sehemu zake ndogo zina heshima yake. Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha Mitume jinsi Baba wa mbinguni awatunzavyo, hakutaja moyo wala macho, alitaja nywele za vichwa vyao, akawaambia kwamba zina hesabu yake mbele ya Mungu (Mt. 10, 30). Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, hakuona haya kuziita nywele za mwanamke utukufu wake.

Lakini Maandiko hayohayo yaweka mpaka. Absalomu alikuwa na nywele nyingi hata kila alipozikata zilipimwa kwa mizani, na uzuri wake ulisifiwa katika Israeli nzima. Hata hivyo aliasi juu ya baba yake, akafa vibaya. Uzuri wake haukumpa moyo wa mwana. Naye Petro awaonya wanawake wa Kikristu wasidhani kwamba pambo lao lote li katika kusuka nywele, maana lipo pambo la moyoni lisiloharibika.

Liko pia fungu moja la Maandiko lisomwalo mara chache, nalo latufaa sana. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani apewa kazi ya kukagua magonjwa ya ngozi na kuamua nani ni najisi na nani ni safi. Humo atajwa waziwazi mtu aliyepotewa na nywele tu, iwe utosini au mbele, pasipo kidonda cha ugonjwa. Sheria yasema kwamba mtu huyo ana upara, na kwamba ni safi. Angalieni hekima hiyo. Sheria haikumbembeleza kwa kumwambia kwamba ana nywele hali hana, wala haikumtenga na watu. Ilimwambia kweli mbili pamoja: una upara, na u safi. Twaamini kwamba wengi wanaoteseka leo kwa ajili ya nywele wanahitaji kuzisikia kweli hizo mbili, tena kwa pamoja. Akisikia ya kwanza peke yake, atakata tamaa; akisikia ya pili peke yake, atadanganyika.

KUJUA SABABU KABLA YA DAWA

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele kama 100,000. Kila unywele huota katika kinyweleo, yaani kile kishimo kidogo sana ndani ya ngozi. Hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwezi, na nywele zetu za kipilipili hukua polepole zaidi kidogo. Kisha unywele hupumzika kama miezi 3, huanguka, na mwingine huota mahali pake. Basi mtu akiona nywele 50 au hata 100 zimeanguka kwa siku, asifadhaike. Ndivyo mwili ulivyopangwa.

Upara wa kawaida wa wanaume ni urithi, nao waweza kutoka upande wa baba na wa mama pia. Mwilini mna kichocheo cha kiume kiitwacho kwa kifupi DHT. Kwa mtu mwenye urithi huo, kichocheo hicho husinyaza vinyweleo vya mbele na vya utosini. Unywele hutoka mwembamba, kisha mfupi, mwisho hauonekani tena. Vinyweleo vya kisogoni na vya juu ya masikio havidhuriki hivyo, ndiyo maana wazee wengi hubaki na ukanda wa nywele kuzunguka kichwa. Upara huo hauletwi na kofia, wala na kusoma sana, wala na jirani mwenye kijicho. Mtu asimshitaki mwenziwe kwa uchawi kwa jambo alilorithi kwa babu yake.

Lakini si kila kuanguka kwa nywele ni upara wa urithi. Baada ya homa kali, baada ya kujifungua, au baada ya huzuni kubwa, nywele nyingi zaweza kuanguka miezi 2 au 3 baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma katika damu, ugonjwa wa tezi la shingo, na hata kaswende, huweza kuonekana kwanza kichwani. Mapunye ya watoto hutokana na kuvu, nayo hutibiwa kwa vidonge vya hospitali kama griseofulvini, wala kupaka juu tu hakutoshi. Tena uko ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe huvishambulia vinyweleo, zikatokea sehemu za mviringo zisizo na nywele.

Kwa akina mama twapenda kusema neno la pekee, maana aibu yao ni kubwa kuliko ya wanaume, na taabu yao hutajwa mara chache. Misuko inayokazwa sana, na nywele za kuunga zenye uzito, huvivuta vinyweleo vya pembeni siku baada ya siku. Mtu akiacha mapema, nywele zaweza kurudi. Akiendelea kwa miaka, kinyweleo hugeuka kovu, na kovu halioti kitu. Uko na ugonjwa mwingine unaowapata hasa wanawake wa asili ya Kiafrika, unaoanza utosini kwa kuwasha au kuchoma, nao huenea ukiacha kovu nyuma yake. Huo hautaki kungoja. Na mzazi amsukaye binti yake mpaka mtoto ashindwe kulala kwa maumivu akumbuke kwamba kichwa hicho amekabidhiwa akitunze. Msuko unaoumiza unaharibu.

Basi shauri la kwanza ni hili: usinunue dawa kabla ya kujua sababu. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Katika nchi yetu hatukukosa waganga wa ngozi wenye elimu. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kuwafundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, wanaotoka hapa kwetu na katika nchi nyingi za Afrika. Kumwona mtaalamu mara moja mara nyingi ni gharama ndogo kuliko chupa kumi za dawa isiyohusika.

DAWA ZAWEZA NINI, NA HAZIWEZI NINI

Kati ya dawa nyingi zitangazwazo kwa upara wa urithi, mbili zimejaribiwa sana na madaktari. Ya kwanza ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1979. Waliokimeza wakaonekana kuota nywele mahali pasipotazamiwa. Ikatengenezwa dawa ya kupaka kichwani, nayo ikaruhusiwa huko mwaka 1988. Ya pili ni finasteridi, kidonge kilichoruhusiwa kwanza mwaka 1992 kwa ugonjwa wa tezi dume, kisha mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1, kwa upara wa wanaume. Hiyo hupunguza kile kichocheo tulichokitaja.

Je, zafaa? Ndiyo, kwa wengi, lakini si kwa wote, tena kwa kiasi. Mara nyingi huzuia zilizobaki zisiende upesi, na huotesha tena baadhi. Ni nadra kumrudishia mtu kichwa cha ujana wake. Hutaka miezi mingi kabla ya kuonyesha kazi yake, na minoksidili yaweza hata kuangusha nywele katika majuma ya kwanza. Zaidi ya hayo, mtu akiacha dawa, faida aliyoipata hupotea baada ya miezi kadhaa. Basi anayeanza dawa hizo ameanza safari isiyo na kituo. Asiulize tu, "Je, naweza kununua chupa hii?" Aulize, "Je, naweza kuinunua kila mwezi kwa miaka kumi, bila kuwanyima walio wangu?"

Tena kila dawa ina madhara yake. Minoksidili huwasha ngozi ya wengine, wala haifai kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Finasteridi hupunguza kwa baadhi ya wanaume hamu na nguvu ya tendo la ndoa, na wengine huona huzuni imewaingia. Mwanamke mwenye mimba asikiguse kidonge kilichovunjika, kwa kuwa kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Hapo tayari tumefika katika maadili. Mume anayemeza kidonge hicho kwa siri, akimficha mkewe jambo linaloweza kuigusa ndoa yao na mtoto wao, hatendi haki. Mwili wake si wake peke yake. Na akipimwa tezi dume amwambie daktari, maana dawa hiyo hushusha kipimo cha damu na kuweza kuuficha ugonjwa.

Nayo mafuta ya nyonyo, vitunguu na majani ya kila namna? Mafuta yaweza kulainisha nywele zilizopo. Lakini kulainisha zilizopo si kuotesha zisizokuwapo.

KUPANDIKIZA NYWELE

Watu wengi wadhani kwamba kupandikiza ni kuumba nywele mpya. Sivyo. Ni kuzihamisha. Daktari Okuda wa Japani alieleza mwaka 1939 jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele ili kuwatibu watu wenye makovu. Kisha daktari Norman Orentreich wa New York alifanya kazi hiyo kwa upara wa urithi mwaka 1952, akachapisha habari zake mwaka 1959. Alionyesha jambo la ajabu: unywele uliotolewa kisogoni, ukipandwa mbele, hubaki na tabia ya kisogoni. Hausinyai kama wenzake waliokuwapo.

Siku hizi hutumika njia mbili. Katika ya kwanza daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona mahali pale, na kuvigawa vinyweleo. Hubaki kovu la mstari. Katika ya pili hung'oa vinyweleo kimoja kimoja au viwili vitatu kwa chombo kidogo sana, yakabaki makovu madogo kama nukta. Mgonjwa hutiwa ganzi kichwani tu, na kazi huchukua saa nyingi. Nywele zilizopandwa huanguka katika majuma ya kwanza. Mizizi hubaki, na mpya huanza kuonekana baada ya miezi 3 au 4. Sura kamili hungojewa karibu mwaka mzima.

Kweli tatu husemwa kwa sauti ndogo na wenye kuuza kazi hiyo. Kwanza, akiba ya kisogoni ina mwisho. Ikitapanywa na fundi mbaya hairudi. Pili, kupandikiza hakuzuii nywele nyingine kuendelea kuanguka, hata mtu aweza kubaki na kichaka mbele na jangwa nyuma yake, asipotumia dawa au asirudie upasuaji. Tatu, kinyweleo cha nywele za kipilipili kimepinda chini ya ngozi, hivyo kukitoa bila kukikata kwataka ustadi zaidi. Na baadhi ya watu wetu huota makovu yanayovimba na kukua, ambayo madaktari huyaita keloidi. Mwenye tabia hiyo ya ngozi aseme mapema. Tena nywele zilizokwisha kwa ugonjwa unaoacha kovu hazipandikizwi ugonjwa ukiwa bado unafanya kazi.

Uturuki, hasa mji wa Istanbul, imekuwa mashuhuri kwa kazi hii, na wapo madaktari wema huko kama kwingineko. Lakini chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele kimeonya juu ya mahali ambapo mkataji si daktari kabisa. Basi mtu aulize: Nani atakikata kichwa changu kwa mkono wake mwenyewe? Jina lake limeandikwa katika daftari ya madaktari wa nchi yake? Nikivimba au nikipata usaha nikiisha kurudi nyumbani, nani atanitazama? Asiyetaka kuulizwa hayo, msimpe kichwa.

HUKUMU YA DHAMIRI

Sasa twaweza kulijibu swali la kwanza. Kanisa halikulingojea hadi leo. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufa kwake, Papa Pio XII alisema na madaktari wa Italia wafanyao upasuaji wa kurekebisha sura ya mwili. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jema halisi na kipaji cha Mungu, ingawa ni chini ya mema mengine yaliyo makubwa zaidi. Basi kuurekebisha si kubaya kwa asili yake. Huhukumiwa kwa nia na kwa hali zote za jambo. Hugeuka kubaya pale mtu atakapo kuwavuta wengine dhambini, au kumficha mhalifu asipatwe na sheria, au anapoharibu kazi njema ya mwili, au anaposukumwa na majivuno tu na mtindo wa siku. Lakini ziko sababu nyingi za haki, na pengine hata za kumshauri mtu afanye.

Tuyatumie mafundisho hayo. Binti aliyeungua moto kichwani, au mama aliyepotewa na nywele zote kwa dawa za saratani, akifunika kichwa kwa nywele bandia, hatendi uongo wala majivuno. Kuvaa nywele bandia si uongo, kama vile kuvaa meno bandia si uongo. Mwenye kumnunulia mgonjwa wa namna hiyo nywele za kuvaa, au kitambaa kizuri, afanya tendo la huruma. Mwanamume ambaye upara wamfadhaisha, mwenye fedha zilizo zake kwa haki, asiyemnyima mtu chake, akienda kwa daktari mwema baada ya kuambiwa kweli yote, haungami dhambi kwa hilo. Hamsahihishi Mungu. Mungu aliyempa mtu mwili ndiye aliyempa daktari akili.

Lakini baba anayekopa katika chama cha ushirika kwa jina la ada ya watoto, kisha akaitoa fedha hiyo kwa nywele, amefanya dhambi. Si kwa sababu ya nywele, bali kwa sababu ameudanganya ushirika na kuwaibia watoto wake. Naye atafutaye sura ya ujana ili amdanganye msichana juu ya umri wake amefanya dhambi vilevile. Wengine huuliza: "Je, nimwambie mchumba kwamba nywele zangu zimepandikizwa?" Hakuna sheria ya kutangaza, kunyamaza si kudanganya. Lakini akiuliza, ajibiwe kweli. Ndoa inayoogopa kuanza na kweli ndogo namna hiyo itazibebaje kubwa?

WENYE KUUZA UONGO

Dhambi iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, mara nyingi haiko kwa mnunuzi. Iko kwa mwuzaji. Mtu mwenye aibu ni rahisi kuibiwa, kwa kuwa hatakwenda kushitaki. Nani atasimama mbele ya watu aseme, "Nilidanganywa juu ya nywele zangu"? Yule auzaye maji yenye harufu kwa jina la dawa ya upara alijua hayo kabla ya kuichapa picha ya kichwa kitupu upande wa kushoto na kichwa chenye nywele upande wa kulia. Vivyo hivyo anayeuza chupa ya mafuta kwa jina la Mungu, akiahidi kwamba sala na elfu hamsini zitaotesha nywele. Huyo aongeza kufuru juu ya wizi.

Kwa hao twasema wazi. Amri ya saba yakataza kuiba, na ya nane yakataza uongo. Nao wamezivunja zote mbili kwa tendo moja. Tena mafundisho ya maadili ni yaleyale siku zote: mali ya udanganyifu haina budi kurudishwa. Kuungama bila nia ya kurudisha, kwa mtu awezaye kurudisha, hakutoshi. Daktari naye, au muuguzi, au mwenye duka la dawa, anayejua kwamba dawa haimfai mgonjwa aliye mbele yake naye akaiuza, asijifariji kwamba "ameitaka mwenyewe". Aliitaka kwa sababu hakuambiwa kweli.

WENYE KUCHEKA, NA MWISHO WA KICHEKO

Wako wengine wasiouza kitu, hucheka tu. Kitabu cha pili cha Wafalme chasimulia vijana waliomfuata nabii Elisha wakimdhihaki kwa upara wake, na adhabu nzito iliyowapata. Hatutaki kuwatisha watoto kwa wanyama wa mwitu. Twataka kuonyesha tu kwamba Maandiko hayakuhesabu dhihaka hiyo kuwa mchezo.

Kwetu, utani juu ya upara mara nyingi huonekana hauna sumu: watu husema kipara ni dalili ya fedha, na mwenye kipara hucheka pamoja nao. Lakini kumbukeni yaliyotukia mwaka 2017 katika mkoa wa Zambezia, nchi ya Msumbiji. Mwezi wa Juni mwaka ule polisi walitangaza kwamba wanaume wenye upara walikuwa wameuawa, kwa kuwa wauaji waliamini kwamba vichwa vyao vimebeba dhahabu au vyaleta utajiri. Na polisi walieleza kwamba viungo hivyo vilikusudiwa kwa wateja katika nchi ya Malawi na katika hii yetu ya Tanzania. Nchi yetu, ambayo imekwisha kuona damu ya ndugu zetu wenye ualbino ikimwagwa kwa uongo wa aina hiyohiyo, haiwezi kusema kwamba hayo ni mambo ya mbali. Hatusemi kwamba mwenye kutania ni muuaji. Twasema kwamba uongo juu ya mwili wa mtu haukai mahali ulipowekwa. Hutembea, na mwishowe hufika kwa mtu mwenye panga.

Basi wazazi, makatekista na walimu, wakatazeni watoto kuwacheka watu kwa sura zao. Na mume asimwite mkewe majina kwa sababu ya nywele zilizokwenda na uzazi wa watoto wake mwenyewe.

KWA WALE AMBAO NYWELE HAZITARUDI

Yatubaki neno kwa walio wengi, yaani wale ambao dawa hazikuwafaa, au hawawezi kuzinunua. Hawako peke yao. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita aliishi Mwafrika mmoja, Sinesio wa Kirene, katika nchi iitwayo leo Libya. Msemaji mmoja wa Kiyunani wa zamani alikuwa ameandika sifa za nywele. Sinesio, aliyekuwa amepotewa na zake, alijibu kwa kuandika sifa za upara, kwa ucheshi na akili nyingi. Baadaye, karibu na mwaka 410, watu wa Ptolemai walimpata kuwa Askofu wao. Hawakumpima kwa nywele.

Kanisa lenyewe kwa karne nyingi liliwakata nywele vijana waliojiingiza katika utumishi wa altare, mpaka Papa Paulo VI alipoiondoa desturi hiyo tarehe 15 Agosti 1972. Maana yake ilikuwa kwamba nywele ni jema, na kwa sababu ni jema, mtu aweza kumtolea Mungu. Asiyezitoa kwa hiari, bali amenyang'anywa na urithi au ugonjwa, aweza naye kuugeuza upungufu wake kuwa sadaka. Sadaka hiyo ni ndogo. Lakini Bwana aliyeisifu senti ya mjane hazidharau sadaka ndogo.

Naye Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hipo, katika kitabu cha 22 cha "Mji wa Mungu", aliona jambo hili lastahili kufikiriwa. Aliuliza nywele zetu zitakuwaje siku ya ufufuko, akafundisha kwamba katika mwili uliofufuka hautabaki ubaya wowote wa kuuharibu uzuri wake. Kama mwalimu mkubwa hivyo hakuona haya kuuliza, nawe usione haya kuuliza.

Basi, ndugu, uliza. Uliza daktari, si tangazo. Hesabu fedha zako mbele ya mkeo au mumeo, si gizani. Ukiweza kutibiwa kwa haki, tibiwa, umshukuru Mungu. Usipoweza, inuka, nawa uso, uende kazini kwako na kichwa chako kilivyo. Una upara, na u safi. Atakayekuambia neno la kwanza bila la pili ana ukatili. Atakayekuficha la kwanza ataka fedha zako.